Tairi, Joto na Mwendo: Jinsi ya Kusoma Herufi za Ubavuni



Motokaa ina sehemu nyingi, lakini zinazogusa ardhi ni nne tu, na kila moja si kubwa sana kupita kiganja cha mtu mzima. Breki hata zikiwa nzuri namna gani, na dereva hata akiwa hodari namna gani, wote hutegemea vipande hivyo vinne vya mpira. Hata hivyo wengi wetu hatujui kusoma maandishi yaliyo ubavuni mwa tairi. Tunayaona kila siku stendi na gereji, nayo machoni petu ni kama mapambo tu.

Katika makala hii nataka kueleza maandishi ya aina mbili: yale yanayotaja mwendo ambao tairi laweza kuuvumilia, na yale yanayotaja jinsi linavyoshindana na joto. Nimeyachagua haya kwa kuwa yanahusu roho za watu. Sisi wanafunzi wa bweni husafiri safari ndefu kila muhula ufungwapo na ufunguliwapo. Wazazi wetu nao hukodi magari kuja kututembelea. Tunaposikia habari ya tairi lililopasuka njiani, watu husema, "Ni bahati mbaya." Nitajaribu kuonyesha kwamba mara nyingi si bahati. Ni joto, na joto hilo lina sababu ambazo mwanafunzi wa sekondari aweza kuzipigia hesabu.

1. MPIRA NA JOTO NI MAADUI WA ZAMANI

Mpira mbichi utokao mtini haufai kwa tairi. Wakati wa joto hulainika na kunata, na wakati wa baridi hukakamaa na kupasuka. Mwaka 1839 Mmarekani mmoja, Charles Goodyear, aligundua kwamba mpira ukichanganywa na salfa na kupikwa huwa imara, na hauyeyuki ovyo kwa joto la kawaida. Katika miaka ya 1880 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyekuwa akiishi Belfast, alitengeneza tairi la upepo kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mtoto wake. Mskoti mwenzake, Robert Thomson, alikuwa amekwisha kulipata wazo hilo katika miaka ya 1840, lakini wakati wake watu walikuwa hawajaona haja nalo.

Hatua nyingine kubwa ilifanywa Ufaransa mwaka 1946, kampuni ya Michelin ilipopata hataza ya tairi la namna mpya. Nyuzi zake za ndani hupita moja kwa moja kutoka ukingo mmoja wa tairi hadi wa pili, na juu yake kuna mikanda ya waya za chuma. Tairi la namna hii huitwa redio, na alama yake ni herufi R katika namba za ukubwa. Moja ya sifa zake ni kwamba halipati joto upesi kama matairi ya zamani. Kwa hiyo hata historia ya tairi, tukiitazama vizuri, ni historia ya kupigana na joto.

2. JOTO LATOKA WAPI?

Mtu akiulizwa joto la tairi latoka wapi, aghalabu hujibu kwamba latoka juani na katika lami. Ni kweli kwamba lami ya mchana katika nchi ya joto huongeza joto. Lakini joto kubwa huzaliwa ndani ya tairi lenyewe.

Chukua kipande cha waya, ukikunje na kukikunjua upesi upesi mara 20, kisha ukiguse pale penye mkunjo. Utaona kimepata moto, ingawa hukukiweka juani. Nguvu uliyotumia kukikunja haikupotea, bali imegeuka kuwa joto. Tairi nalo hufanya hivyo hivyo. Sehemu inayogusa barabara hubonyea kwa uzito wa gari, ubavu nao hupinda. Gurudumu likizunguka kidogo, sehemu hiyo hunyooka na nyingine hubonyea. Mpira ukinyooka haurudishi nguvu yote uliyopewa ulipobonyezwa, na ile inayobaki hugeuka joto.

Sasa na tupige hesabu tuone jambo hili hutokea mara ngapi. Tairi la ukubwa wa 195/65R15, ambalo ni la kawaida katika magari madogo, lina mzingo wa karibu mita 2. Basi katika kilometa 1 huzunguka mara 500 hivi. Gari likienda kilometa 80 kwa saa, tairi huzunguka mara 40,000 kwa saa, yaani mara 11 kila sekunde. Likienda kilometa 120 kwa saa, huzunguka mara 60,000 kwa saa, yaani karibu mara 17 kila sekunde. Kila mzunguko ni kubonyea na kunyooka kwa mpira wote unaozunguka gurudumu.

Katika mwendo wa wastani joto hili hutoka nje kwa upepo wa barabarani kadiri linavyozaliwa, na tairi hubaki katika hali moja. Hatari huanza pale joto linapozaliwa upesi kuliko linavyoweza kutoka. Hapo hujikusanya, hasa katika mabega ya tairi, mahali ambapo mpira ni mnene na mikanda ya chuma inaishia. Gundi ya mpira inayoshika mikanda hiyo huanza kulegea. Mwishowe kashata hubanduka na kuruka, au ubavu hupasuka.

Tena yafaa kukumbuka kwamba madhara ya joto hayaponi. Tairi likipoa, mpira uliolegea ndani haurudi kuwa kama ulivyokuwa. Ndiyo maana tairi laweza kuumizwa leo kwa kwenda bila upepo wa kutosha, likapasuka baada ya wiki tatu, siku ambayo dereva hakufanya kosa lolote.

3. HERUFI ZA MWENDO

Tazama ubavuni mwa tairi, utaona maandishi kama haya: 195/65R15 91H. Maana yake ni hii:

195 ni upana wa tairi kwa milimeta.
65 ni kimo cha ubavu, yaani asilimia 65 ya upana huo.
R ni alama ya tairi la redio. Wengine hudhani ni herufi ya mwendo, lakini sivyo.
15 ni kipenyo cha ringi kwa inchi.
91 ni namba ya mzigo. Namba hii si kilo 91, bali hutafsiriwa kwa orodha maalumu. 91 maana yake ni kilo 615 kwa tairi moja.
H ni herufi ya mwendo.

Herufi za mwendo ambazo huonekana mara nyingi ni hizi, pamoja na mwendo wake mkubwa kwa kilometa katika saa:

J – 100
K – 110
L – 120
M – 130
N – 140
P – 150
Q – 160
R – 170
S – 180
T – 190
U – 200
H – 210
V – 240
W – 270
Y – 300

Msomaji makini ataona kwamba H haikukaa mahali pake katika alfabeti, bali imewekwa kati ya U na V. Sababu ni kwamba herufi S, H na V zilitumika kwanza, wakati madaraja ya mwendo yalipokuwa machache. Orodha ndefu ilipotungwa, H iliachwa na maana yake ya zamani.

Herufi hizi hazitolewi kwa kukisia. Tairi hufungwa kwenye mashine, hukandamizwa kwa mzigo juu ya pipa kubwa la chuma linalozunguka, kisha mwendo huongezwa hatua kwa hatua. Likifika mwendo wa herufi yake na kuvumilia kwa muda uliowekwa bila kubanduka wala kupasuka, hustahili herufi hiyo. Kwa maneno mengine, mtihani wa mwendo ni mtihani wa joto.

Matairi ya mabasi na malori huandikwa kwa namna hiyo hiyo, ila mara nyingi huwa na namba mbili za mzigo. Mathalani, 295/80R22.5 152/148M. Namba 152 ni kilo 3,550, nayo ni ya tairi likiwa peke yake upande mmoja, kama magurudumu ya mbele. Namba 148 ni kilo 3,150, nayo ni ya tairi likiwa limefungwa pacha na mwenzake, kama magurudumu ya nyuma. M, kama tulivyoona, ni kilometa 130 kwa saa.

4. HERUFI ZA JOTO

Marekani wana sheria inayotaka matairi ya magari madogo ya abiria yaandikwe madaraja matatu: la kuchakaa, la kushika barabara yenye maji, na la kuvumilia joto. Kwa kuwa viwanda vingi vya dunia huuza huko, maandishi hayo huonekana hata katika matairi yanayouzwa kwetu. Tafuta ubavuni neno TEMPERATURE. Mbele yake pana herufi A, B au C.

A ni daraja la juu. Tairi limevumilia joto la mwendo unaozidi kilometa 185 kwa saa.
B ni daraja la kati. Limevumilia mwendo wa kati ya kilometa 160 na 185 kwa saa.
C ni daraja la chini. Limevumilia mwendo wa kati ya kilometa 137 na 160 kwa saa. Hiki ndicho kiwango cha chini kabisa kinachokubaliwa na sheria hiyo.

Mtihani wake nao hufanywa ndani ya maabara, juu ya pipa linalozunguka. Daraja hili halimo katika matairi ya mabasi makubwa na malori, kwa hiyo msomaji asilitafute huko. Katika hayo tunaongozwa na namba ya mzigo na herufi ya mwendo.

5. HERUFI NI AHADI YENYE MASHARTI

Sasa tumefika kwenye kiini cha somo. Huenda msomaji akauliza: "Kwa sheria ya Tanzania basi halipaswi kuzidi kilometa 80 kwa saa. Tairi lenye herufi M huvumilia 130. Hata lenye C lilipimwa kwa kilometa 137. Mbona basi matairi hupasuka?"

Swali hili ni la haki. Jibu lake ni kwamba herufi ni ahadi yenye masharti. Tairi lililopimwa kiwandani lilikuwa jipya, zima, lenye upepo uliotakiwa na mzigo usiozidi. Ukivunja sharti moja, ahadi hupungua. Ukivunja matatu kwa pamoja, herufi iliyo ubavuni haina maana tena.

Sharti la kwanza ni upepo. Tairi lenye upepo mdogo hubonyea zaidi, na ubavu hupinda zaidi katika kila mzunguko. Kumbuka hesabu yetu ya mizunguko 40,000 kwa saa. Mkunjo uliozidi kidogo tu, ukirudiwa mara 40,000, huleta joto jingi. Hili ndilo kosa la hatari kuliko yote, nalo halionekani kwa urahisi, kwa sababu tairi la redio likipungukiwa robo ya upepo wake bado hutazamika kama zima.

Sharti la pili ni mzigo. Tuchukue gari la abiria lenye matairi manne ya 91. Kila moja huchukua kilo 615, hivyo yote manne huchukua kilo 2,460. Tuseme gari likiwa tupu lina uzito wa kilo 1,550. Likipakia watu 8 wenye wastani wa kilo 65, pamoja na mizigo ya kilo 80, jumla ni:

1,550 + 520 + 80 = 2,150

Hapo pamebaki nafasi ya kilo 310. Sasa gari hilo hilo likipakia watu 14 na mizigo ya kilo 150, jumla ni:

1,550 + 910 + 150 = 2,610

Tumezidi kwa kilo 150. Na hesabu hii imedhani kwamba uzito umegawanyika sawasawa, hali abiria na masanduku aghalabu hulundikwa nyuma. Kwa hiyo matairi mawili ya nyuma yanaonewa zaidi. Dereva wa gari hilo akienda kilometa 80 tu, bado yuko nje ya ahadi.

Sharti la tatu ni umri na uzima wa tairi. Mpira huzeeka hata kama hautumiki, na joto huharakisha uzee huo. Tafuta ubavuni maandishi yanayoanza na DOT. Tarakimu nne za mwisho hutaja wiki na mwaka wa kutengenezwa. Mathalani, 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Baadhi ya watengenezaji wa magari hushauri tairi libadilishwe likitimiza miaka 6, na baadhi ya watengenezaji wa matairi husema lisipite miaka 10 hata likiwa na kashata nzuri. Hapa ndipo penye shaka ya matairi ya mtumba. Kashata zake zaweza kuwa nene, lakini mnunuzi hajui lilitembea vipi huko lilikotoka, wala hawezi kuona kama ndani limekwisha kuungua.

6. KOSA LA KUPUNGUZA UPEPO TAIRI LIKIWA MOTO

Kuna desturi moja ambayo nimeona yafaa kuieleza peke yake. Baadhi ya madereva wakisimama mchana katika safari ndefu, hugusa tairi na kuona lina moto. Hapo hupunguza upepo "ili lisipasuke." Wanadhani upepo ukipata joto hupanuka mpaka ukalipasua tairi kama puto. Na tuone hesabu yasemaje.

Tumejifunza katika Fizikia kwamba gesi iliyofungiwa mahali pamoja, shinikizo lake huongezeka kwa kadiri ya joto lake likipimwa kwa Kelvini. Tuseme asubuhi tairi lina nyuzi 27 za sentigredi, yaani Kelvini 300, na kipimo chasema paundi 32 kwa inchi ya mraba. Kipimo hicho hakihesabu hewa ya kawaida inayotuzunguka, ambayo ni karibu paundi 15. Basi shinikizo lote ni 32 + 15 = 47. Mchana tairi limefika nyuzi 57, yaani Kelvini 330:

47 × 330 ÷ 300 = 51.7

Tukitoa 15, kipimo kitasema karibu paundi 37. Nyongeza ni paundi 5 tu. Tairi zima limetengenezwa livumilie shinikizo kubwa kuliko hilo mara kadhaa. Tena watengenezaji walijua kwamba litapanda, ndiyo maana hutaka upepo upimwe asubuhi tairi likiwa baridi.

Sasa dereva akipunguza upepo mpaka kipimo kirudi 32 hali tairi lina moto, jioni likipoa itakuwaje?

47 × 300 ÷ 330 = 42.7

Tukitoa 15, zinabaki paundi 28 hivi. Dereva huyu ameanza safari ya kesho na upungufu wa paundi 4. Tairi litabonyea zaidi na kupata joto zaidi. Akisimama tena mchana na kupunguza tena, atakuwa anaongeza ugonjwa huku akidhani anautibu. Tairi lenye moto uliozidi halitaki kupunguziwa upepo. Lataka kupumzishwa, kisha litafutwe kosa: upepo mdogo, mzigo uliozidi, au mwendo wa kasi.

7. MFANO WA MAREKANI, MWAKA 2000

Mtu asidhani kwamba mambo haya ni ya nchi maskini tu. Mwezi wa Agosti mwaka 2000, kampuni ya Firestone ilitangaza huko Marekani kwamba inarudisha matairi milioni 6.5, mengi yakiwa yamefungwa katika magari ya Ford Explorer. Kashata zake zilikuwa zikibanduka katika mwendo wa kasi, na magari kupinduka. Watu zaidi ya 200 walikufa. Ajali nyingi zilitokea katika majimbo yenye joto kama vile Texas, Florida, Arizona na California.

Wachunguzi waliona kasoro katika matairi yenyewe, lakini mjadala haukuishia hapo. Matairi hayo yalikuwa ya daraja C la joto, yaani lile la chini. Ford walikuwa wameshauri upepo wa paundi 26, hali Firestone walisema baadaye kwamba 30 ndizo zifaazo. Gari lilikuwa refu na rahisi kupinduka, tena watu walilipakia mizigo wakaenda nalo mwendo mrefu wakati wa kiangazi. Kila kampuni ilimlaumu mwenzake. Mwaka huo huo bunge la Marekani lilipitisha sheria, ambayo kwayo magari mapya madogo yalilazimishwa, kufikia Septemba 2007, kuwa na taa ya kumwonya dereva upepo unapopungua.

Tazama basi: joto la nchi, daraja la chini, upepo mdogo, mzigo na mwendo, yote yamekutana. Kila moja peke yake labda lingevumilika.

8. MAMBO YA KUFANYA

Kwanza, upepo upimwe kwa kipimo, asubuhi, kabla gari halijatembea. Kugonga tairi kwa nondo kama wafanyavyo utingo hufaa kugundua tairi lililoisha upepo, hasa lile pacha la ndani, lakini hakuwezi kumwambia mtu kwamba zimepungua paundi 10. Katika magari madogo, kiasi cha upepo kinachofaa huandikwa kwenye kibao kidogo penye fremu ya mlango wa dereva. Kile kilichoandikwa ubavuni mwa tairi ni kikomo, wala si kiasi cha kila siku.

Pili, anayenunua tairi asome namba ya mzigo na herufi ya mwendo, alinganishe na zile gari lilizopangiwa. Asichukue zilizo chini yake kwa sababu ya bei. Gari likiwa na herufi tofauti, mwendo wake wa mwisho ni ule wa herufi ya chini kabisa.

Tatu, tairi la akiba lililo jembamba kuliko mengine ni la kumfikisha mtu kwa fundi pancha tu. Aghalabu limeandikwa mwendo wake, kilometa 80 kwa saa.

Nne, gari likisimama njiani, weka kiganja karibu na kila tairi bila kulishika kwa nguvu. Yote yatakuwa na moto kidogo. Lakini likiwapo moja lenye moto kupita wenzake, hilo linasema lina jambo, na safari isiendelee mpaka limetazamwa. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Tano, sisi abiria tusione haya kuuliza. Mwanafunzi akimwambia dereva kwa adabu, "Shikamoo baba, tairi hili la nyuma naliona limebonyea," hajamkosea heshima. Wazazi wanaokodi gari wana haki ya kulizunguka kabla ya kulipa, kusoma tarakimu nne za umri, kutazama kashata, na kuhesabu watu watakaopanda. Kazi yote haizidi dakika tano.

9. MASWALI YA KUJIPIMA

(a) Tairi limeandikwa 185/70R14 88T. Ikiwa 88 ni kilo 560, matairi manne huchukua kilo ngapi, na mwendo wake wa mwisho ni upi?

(b) Gari lina matairi matatu yenye herufi H na moja lenye S. Mwendo wa mwisho ni upi?

(c) Tarakimu za mwisho za maandishi ya DOT ni 4017. Tairi lilitengenezwa lini?

(d) Dereva alipima paundi 32 asubuhi. Mchana, akiwa amesimama Segera, anaona 36. Afanye nini?

(e) Tairi lenye TEMPERATURE A limepungukiwa upepo sana, na lenye TEMPERATURE C lina upepo kamili. Yote yana mzigo sawa, na yanakwenda kilometa 80 kwa saa. Lipi la kuogopwa?

Majibu: (a) Kilo 2,240, kilometa 190 kwa saa. (b) Kilometa 180 kwa saa. (c) Wiki ya 40 ya mwaka 2017. (d) Asipunguze, ni kawaida ya joto. Apime tena kesho asubuhi likiwa baridi. (e) Lile la A, kwa kuwa sharti la ahadi yake limevunjwa.

Aliyejibu swali la mwisho bila kutazama amelielewa somo lote. Herufi zilizo ubavuni zimeandikwa na kiwanda, lakini zinatunzwa na mwenye gari, dereva, utingo na abiria. Kiwanda kimekwisha kufanya sehemu yake, na sehemu iliyobaki ni ya kipimo cha upepo cha kila asubuhi.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne